Ugonjwa wa Leigh na swali la nani kamrithisha mtoto

Mtoto ametimiza miezi tisa. Anakaa bila kushikiliwa, anakidaka kijiko kabla hakijafika mdomoni, akiitwa jina anageuka. Inamjia homa, mafua ya kawaida tu, na baada ya siku tatu inashuka. Lakini yeye harudi alikokuwa. Akiketishwa analalia upande mmoja kama gunia lisilojaa. Kijiko anakitazama tu. Macho yanamchezacheza bila kukusudia, maziwa yanampalia kila anyonyapo, na usiku pumzi inakatika kidogo, kimya, kisha inarudi kwa kishindo kama ya mzamiaji aliyeibuka.

Kuchelewa ni jambo moja, kurudi nyuma ni jambo jingine kabisa. Watoto wengi huchelewa kukaa au kutembea na baadaye wakawafikia wenzao. Lakini wazazi wa mtoto aliyekwisha kukaa, kisha akashindwa kukaa, wasikubali kuambiwa "mpeni muda". Nyuma ya hali hiyo pana orodha ndefu ya magonjwa, na mmojawapo ni ugonjwa wa Leigh, unaokadiriwa kumpata takriban mtoto mmoja katika kila 40,000 wanaozaliwa. Ni nadra, ila kati ya magonjwa ya utotoni ya mitokondria, yaani vijumba vya nishati vilivyo ndani ya seli, ndio unaoonekana mara nyingi zaidi.

Kuna swali ambalo huulizwa mapema mno, kabla hata ugonjwa wenyewe haujaeleweka: kautoa wapi? Upande wa mama au wa baba? Mwenye haraka atafungua simu, atasoma kwamba mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, na kesi itakuwa imekwisha. Maneno hayo ni ya kweli. Hata hivyo, kwa watoto wengi wenye ugonjwa wa Leigh, hilo silo jibu. Kuona ni kwa nini, inabidi tuanzie mbali kidogo.

Mwaka 1951 daktari Mwingereza, Denis Leigh, aliandika habari za mtoto wa kiume wa takriban miezi saba aliyedhoofika ghafla na kufariki dunia. Leigh alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya akili, lakini pia mtu wa hadubini. Alipouchunguza ubongo wa mtoto huyo alikuta sehemu zilizolainika na kufa, zikiwa kushoto na kulia kwa mpangilio uleule, kama mtu na sura yake kwenye kioo. Akaona pia kwamba madhara hayo yalifanana sana na yale ya watu waliokosa vitamini B1, yaani thiamini. Uone jinsi jicho lake lilivyokuwa kali. Tutalirudia hilo la thiamini. Kisababishi chenyewe hakuwa na njia ya kukijua, kwa kuwa hata DNA ya mitokondria ilikuja kugunduliwa mwaka 1963.

Kwa hiyo jina "ugonjwa wa Leigh" lilianza likiwa jina la uharibifu, wala si la kilichouleta. Ni sawa na kusema nyumba imeungua. Tumeona majivu, tumeona kuta zilizosimama na zilizoanguka, lakini bado hatujui kama ni mshumaa, umeme au jiko. Mtu akikwambia mtoto wake ana ugonjwa wa Leigh, amekwambia ni vyumba gani vya ubongo vilivyoungua.

Umeme wa seli

Karibu kila seli ya mwili ina mitokondria, kuanzia mamia hadi maelfu, vijumba visivyoonekana kwa macho matupu. Chembe nyekundu za damu ndizo zisizokuwa nazo. Humo ndimo kinachobaki cha chakula hukutana na oksijeni na kuzaa ATP, kemikali ambayo seli huitumia kulipia karibu kila kazi: kukaza msuli, kupeleka ujumbe kwenye neva, kutengeneza protini. ATP haiwekwi akiba. Hutengenezwa, hutumika, hutengenezwa tena, kiasi kwamba mtu mzima kwa siku moja huzungusha ATP yenye uzito unaokaribia uzito wake mwenyewe.

Kwenye utando wa ndani wa mitokondria imepangwa mitambo mitano. Minne ya kwanza hupokezana elektroni zinazotokana na chakula, mkono kwa mkono kama watu wanaopitisha ndoo za maji, hadi wa nne unapozikabidhi kwa oksijeni na kupatikana maji. Kwa ajili ya makabidhiano hayo ya mwisho ndiyo tunavuta pumzi. Wakati ndoo zikipita, mitambo mitatu kati ya hiyo minne husukuma protoni kwenda upande wa pili wa utando, zikajazana huko kama maji nyuma ya bwawa. Njia yao kuu ya kurudi ni kupitia mtambo wa tano, na zinapopita zinauzungusha. Unazunguka kwelikweli, si lugha ya picha. Mzunguko huo ndio unaofua ATP. Mwingereza Peter Mitchell alipolitoa wazo hili la bwawa mwaka 1961 wengi walilikataa. Mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel kwa wazo hilohilo.

Sasa haribu mtambo wowote kati ya hiyo mitano. Au usiuguse mtambo wowote, haribu tu mlango unaoingizia malighafi, kimeng'enya kinachoichukua piruveti iliyotokana na sukari na kuitayarisha kwa safari. Matokeo hayatofautiani sana: ATP inapungua na malighafi inalundikana. Seli hujiokoa kwa njia ya zamani ya kuvunja sukari bila oksijeni, njia inayotoa ATP 2 kwa kila molekuli ya glukosi badala ya takriban 30, na piruveti iliyokosa pa kwenda hugeuka kuwa laktiki, aina ya asidi. Ndiyo maana damu ya watoto hawa, au maji ya uti wa mgongo wao, mara nyingi huwa na laktiki iliyozidi.

Kwa nini basi ubongo, wakati mitokondria zimo mwili mzima? Kwa sababu ubongo ni mlaji mkubwa. Kwa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati. Kwa mtoto mchanga hutumia zaidi ya nusu ya nishati yote ya mwili uliotulia. Na ndani ya ubongo, wenye njaa kubwa zaidi ni vituo vya katikati vinavyoratibu mwendo, pamoja na shina la ubongo, ambalo ndilo msimamizi wa macho, kumeza na pumzi. Mrudie sasa yule mtoto wa mwanzo. Macho yanayochezacheza, maziwa yanayopalia, pumzi inayosita usiku: zote ni taarifa za sehemu ileile ndogo iliyokatiwa umeme.

Na homa? Homa huongeza matumizi ya mwili siku ileile ambayo mtoto amekataa kula. Mapato yameshuka, matumizi yamepanda, na seli zilizokuwa zikiishi kwa kubangaiza zinafilisika. Homa haikuleta ugonjwa, iliufichua. Familia nyingi huibeba homa hiyo moyoni kwa miaka, wakijiuliza kama wangemfunika zaidi, au wasingempeleka alikopelekwa, mambo yangekuwa mengine. Kama isingekuwa homa hiyo, ingekuwa kuhara au nimonia ya mwezi uliofuata. Ndiyo sababu pia watoto hawa hushauriwa wapate chanjo zao: maambukizi ndiyo yanayowavunja.

Vitabu viwili, milango mitatu

Mitokondria zina DNA zao wenyewe, nje ya kiini cha seli. Maelezo yanayokubalika leo ni kwamba zilikuwa bakteria waliomezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, wakageuka kuwa wakazi badala ya chakula. Mwanabiolojia Mmarekani Lynn Margulis alilitetea wazo hilo kwa nguvu kuanzia mwaka 1967. DNA hiyo ni duara dogo la herufi 16,569 (herufi ni kemikali nne, A, C, G na T, ambazo DNA huandikwa nazo), lililosomwa lote huko Cambridge mwaka 1981. Lina jeni 37, na kati ya hizo 13 tu ndizo zenye maelekezo ya kutengeneza protini.

Mitokondria huhitaji protini zaidi ya elfu moja. Zilizobaki zote hutoka kwenye DNA ya kiini, ile ambayo nusu ni ya mama na nusu ni ya baba. Chukua mtambo wa kwanza pekee: una vipande zaidi ya 40, na 7 tu ndivyo vinavyotoka kwenye duara la mitokondria. Ni jahazi lililochorwa katika vitabu viwili vilivyotunzwa katika nyumba mbili, na kosa katika kitabu chochote linaweza kulizamisha.

Mpaka sasa jeni zinazojulikana kuweza kuleta ugonjwa wa Leigh zimepita 100, na zilizo nyingi ni za kiini. Kosa lililo kwenye DNA ya mitokondria hupatikana kwa takriban mtoto mmoja kati ya wanne au watano. Ukitaka kujua mtoto kautoa wapi, sharti ujue kwanza kosa limo katika kitabu kipi.

Mlango wa kwanza ndio unaopitiwa na wengi, nao hauna tofauti na wa selimundu. Kila mzazi ana nakala moja nzima na moja yenye kosa. Nzima inatosha, kwa hiyo wote wawili ni wazima na hawana habari. Mtoto akichukua yenye kosa kwa baba na yenye kosa kwa mama, anaugua. Uwezekano ni asilimia 25 kwa kila mimba, na mimba iliyopita haiipunguzii wala haiiongezei inayofuata. Jeni maarufu ya mlango huu ni SURF1, iliyotambuliwa mwaka 1998, ambayo husaidia kuunganisha vipande vya mtambo wa nne. Katika eneo la Saguenay–Lac-Saint-Jean, mkoa wa Quebec nchini Kanada, ni jeni nyingine, LRPPRC: kizazi cha walowezi wachache kilizaana kwa muda mrefu miongoni mwao, na leo takriban mtu mmoja kati ya 23 huko anabeba kosa lilelile, hata ugonjwa ulio nadra duniani ukawa si nadra kwao. Hapa hakuna upande wa mama wala upande wa baba. Ni pande zote mbili, sawasawa.

Mlango wa pili ni wa kromosomu X, na jeni yake kubwa ni PDHA1, ya kile kimeng'enya cha mlangoni nilichokitaja. Mara nyingi kosa hili ni jipya kabisa: limezuka wakati yai au mbegu ikitengenezwa, na wazazi wote wawili wakipimwa hawapatikani nalo. Ugonjwa ni wa jeni, lakini hakuna aliyeurithisha.

Mlango wa tatu ndio wa mama, na ndio unaostahili muda zaidi kwa sababu unaeleweka vibaya kuliko yote.

Kikapu cha shanga

Yai la mwanamke lina nakala za DNA ya mitokondria zinazohesabika kwa laki. Mbegu ya kiume huwa nazo chache sana, na hizo huharibiwa baada ya yai kurutubishwa. Mpaka hapo usemi wa mtaani ni sahihi. Lakini nakala hizo za mama si lazima zifanane. Fikiria kikapu cha shanga, nyingi nyeupe ambazo ni nzima, na kiasi fulani nyeusi ambazo zina kosa. Mchanganyiko huo wataalamu huuita heteroplazimia, na karibu kila kitu kinategemea uwiano wake.

Kosa lililochunguzwa sana liko kwenye herufi ya 8993, ambapo T imegeuka kuwa G. Herufi moja katika 16,569. Imo ndani ya jeni inayotengeneza njia ya protoni kwenye mtambo wa tano, ule unaozunguka. Shanga nyeusi zikiwa chache, mtu haoni chochote maisha yake yote, maana nyeupe zinafidia. Zikifika kati ya takriban asilimia 70 na 90, kwa kawaida huja ugonjwa mwingine wa taratibu, uliotambuliwa mwaka 1990: misuli dhaifu, mwendo wa kuyumba, ganzi, na macho yanayofifia hasa gizani. Zikipita 90, mara nyingi ni ugonjwa wa Leigh. Kosa lilelile, familia ileile; shangazi haoni vizuri usiku, binti yake hana lolote, na mjukuu anashindwa kupumua. Kwa mtu asiyejua habari za shanga, hayo ni magonjwa matatu yasiyohusiana.

Nani hupanga uwiano? Hakuna. Mayai yanapoundwa, idadi ya nakala hupunguzwa sana kisha zikaongezwa upya, kama mtu anayechota kiganja kimoja tu kwenye kikapu na kutaka kijaze kikapu kipya. Kiganja kimoja huenda kikatoka cheupe tupu, kingine kikajaa nyeusi. Kwa hiyo mama mwenye nyeusi chache anaweza kuzaa mtoto mzima, akafuata mgonjwa sana, akafuata mwenye dalili nusunusu. Na uchotaji huo, kwa sehemu kubwa, hufanyika wakati mayai yanaundwa, na mayai ya mwanamke huundwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake. Alichokula alipokuwa mjamzito, alikokwenda, aliyegombana naye, havimo katika hesabu hii hata kidogo. Nasisitiza kwa sababu nimeona namna sentensi "mitokondria ni za mama" inavyoweza kutamkwa kama taarifa ya sayansi na kusikika kama hukumu.

Kupata jibu

Ugonjwa wa Leigh hufichwa na jina la mtindio wa ubongo kwa urahisi mno. Wote wawili huleta misuli iliyokakamaa au kulegea, matatizo ya kumeza na degedege. Tofauti ni kwamba mtindio wa ubongo unatokana na jeraha lililokwisha kutokea na haliendelei, ilhali mwenye Leigh anapoteza kwa vipindi, mara nyingi kila baada ya maradhi. Video za simu zenye tarehe, mtoto akikaa mwezi wa nane na asiweze mwezi wa kumi, humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Kipimo cha laktiki ni rahisi kukisikia na rahisi kukiharibu. Mtoto anashikwa na watu wawili, anapiga mateke, mkono umefungwa mpira kwa dakika kadhaa mshipa ukitafutwa, na damu inatoka kwa kudondoka. Misuli iliyopigana hivyo imezalisha laktiki yake yenyewe. Jibu litakuja juu hata kwa mtoto mzima. Damu nzuri ni ya mtoto aliyetulia, mpira uliofunguliwa mapema au usiofungwa kabisa, na chupa inayofikishwa maabara haraka ikiwa baridi. Jibu la kawaida nalo halimwondolei mtu ugonjwa, kwa kuwa wapo wenye Leigh ambao laktiki yao haijapanda.

Picha ya MRI ndiyo inayosema kwa sauti. Madoa yale ya kushoto na kulia aliyoyaona Leigh kwa hadubini baada ya kifo, leo yanaonekana mtoto akiwa hai, yaking'aa pande zote mbili kwenye vituo vya katikati na shina la ubongo. Baada ya hapo ni kusoma jeni, za kiini na za mitokondria kwa pamoja. Zamani ilikuwa lazima kukata kipande cha msuli kwanza. Siku hizi mara nyingi damu inatosha kuanzia. Usomaji wa jeni unaweza kuchukua muda, na hapo ndipo lile jicho la mwaka 1951 linaporudi.

Kuna kosa katika jeni SLC19A3, inayotengeneza mlango wa kuingizia thiamini ndani ya seli. Thiamini imo kwenye damu, lakini haiingii inapotakiwa. Ubongo unaonyesha picha inayoweza kudhaniwa kuwa Leigh kabisa. Watoto wa kwanza wenye hali hii walielezwa nchini Saudi Arabia mwaka 1998, na jeni ikajulikana mwaka 2005. Mtoto huyu akipewa thiamini kwa dozi kubwa pamoja na biotini, anaweza kuinuka kitandani ndani ya siku chache, na akiendelea nazo maisha yake yote anaweza kukua. Akicheleweshwa, kilichokufa hakifufuki. Vitamini hizo mbili si hatari na si adimu, hivyo madaktari wazoefu huzianza siku ileile picha inapotiliwa shaka, bila kungoja maabara. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo moja katika makala hii ambalo mzazi anayo haki ya kuliuliza kwa jina mbele ya daktari.

Yapo mengine machache yenye tiba yake. Kimeng'enya cha mlangoni kikiwa ndicho kibovu, chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana huupita mlango huo na kuingilia kwingine. Lakini chakula hichohicho kinaweza kumdhuru mtoto mwenye kosa jingine, kwa hiyo si jambo la kuanza nyumbani. Waliopungukiwa koenzaimu Q10, kemikali inayobeba elektroni kati ya mitambo, kwa sababu ya jeni hupewa hiyohiyo. Kwa waliobaki, ambao ni wengi, hakuna dawa inayogusa kiini cha ugonjwa. Huwa wanapewa mchanganyiko wa vitamini na virutubisho, na majaribio yaliyofanywa mpaka sasa hayajaonyesha faida ya wazi. Siwalaumu wanaozitumia. Ninaowatilia shaka ni wanaoziuza kama tiba.

Uangalizi wa kila siku ndio wenye uzito: mtoto asikae na njaa muda mrefu, homa na kutapika visisubiriwe hadi kesho, mrija wa kulishia uwekwe mapema kabla maziwa hayajaingia mapafuni mara ya tatu, na daktari wa usingizi ajulishwe kabla ya upasuaji wowote. Dawa ya kifafa iitwayo valproeti huepukwa panapokuwa na shaka ya ugonjwa wa mitokondria, kwa kuwa baadhi ya watoto hawa ini lao linaweza kufa kwayo. Hata hivyo, wengi ambao dalili zao zilianza wakiwa wachanga hawafikishi miaka mitatu, na kinachowaondoa mara nyingi ni pumzi. Wapo wanaokwenda polepole zaidi, na wachache hufikia utu uzima. Jeni ikishajulikana, daktari anaweza kukisia vizuri zaidi mtoto yuko kundi gani, ingawa kukisia ndilo neno lenyewe.

Panya wa mlimani na mayai ya watu wawili

Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walichukua panya waliokosa kipande kimoja cha mtambo wa kwanza, ambao kwa kawaida hupata ugonjwa unaofanana na Leigh na kufa wakiwa na umri wa karibu miezi miwili. Wakawaweka kwenye hewa yenye oksijeni asilimia 11 badala ya 21, kama hewa ya mlima unaopita mita 4,500. Panya wakaishi zaidi, tena kwa miezi mingi. Inaonekana mtambo ukiwa mbovu, oksijeni isiyotumika hujazana kwenye tishu, na huo mrundikano wenyewe ni sumu. Mtu angetarajia kinyume chake. Hilo halijawa tiba ya watoto, na hakuna anayepaswa kumpunguzia mtoto oksijeni kwa kusoma hapa, lakini limebadilisha namna watafiti wanavyofikiri.

Habari iliyovuma zaidi mwaka huohuo ilikuwa ya mwanamke kutoka Jordan aliyebeba kosa la herufi ya 8993. Alikuwa amepoteza watoto wawili kwa ugonjwa wa Leigh, na mimba nne ziliharibika. Timu iliyoongozwa na daktari John Zhang wa New York ilitoa vinasaba vya kiini vya yai lake, ikavihamishia kwenye yai la mwanamke mwingine ambalo kiini chake kilikuwa kimeondolewa, kisha yai likarutubishwa na mbegu za mume wake. Kazi hiyo ilimaliziwa Mexico kwa kuwa sheria za Marekani haziiruhusu. Mtoto wa kiume akazaliwa mwezi Aprili. Magazeti yakamwita mtoto wa wazazi watatu. Jina linavutia, ila mchango wa yule wa tatu ni jeni 37 katika takriban 20,000.

Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuihalalisha njia hii kwa sheria, mwaka 2015, na Australia ikafuata mwaka 2022. Hapa swali la mwanzo, kautoa wapi, linageuka kuwa swali la kazi. Kubadilisha yai kunamfaa tu mwanamke ambaye kosa lake limo kwenye duara la mitokondria. Wazazi wenye SURF1 hakutawasaidia chochote, maana kosa lao limo ndani ya kile kiini kinachohamishwa. Wao njia yao ni kupima viinitete kabla ya kuvipandikiza, au kupima mimba mapema. Familia mbili zenye ugonjwa wenye jina moja, na ushauri wao hauingiliani.

Julai 2025, madaktari wa Newcastle, Uingereza, walitangaza watoto wanane waliozaliwa kwa njia ya aina hiyo kwa mama saba, pacha wawili wakiwemo, wavulana wanne na wasichana wanne. DNA yenye kosa katika damu yao wakati wa kuzaliwa ilikuwa kati ya kutoonekana kabisa na asilimia 16, chini mno ya kiwango cha kuleta ugonjwa. Kwamba haikuwa sifuri kwa wote ni kwa sababu vinasaba vinapohamishwa hufuatana na mitokondria kidogo za yai la awali, hata mkono ukiwa mwepesi kiasi gani. Wote wanaendelea kufuatiliwa. Kwa wale wavulana wanne, shanga nyeusi zilizobaki, kama zipo, zitakoma kwao. Kwa wasichana, kiganja kimekwisha chotwa tena, ndani ya mayai ambayo tayari wanayo.